Mnunuzi Akiomba Matengenezo: Utengeneze, Upunguze Bei, Umwachie Fedha au Ukatae?

Nyumba imepata mnunuzi na bei imekubaliwa. Kisha mkaguzi aliyeletwa na mnunuzi anapita chumba kwa chumba, anapanda darini, anafungua mabomba na kujaribu kila swichi, na baada ya siku chache muuzaji anapokea ripoti ndefu yenye picha, ikiambatana na barua inayomtaka ashughulikie kasoro zilizoonekana kabla ya mauziano kukamilika. Wapo wauzaji wanaoipokea barua hiyo kama tusi kwa nyumba waliyoitunza miaka mingi, na wapo wanaoipokea kwa hofu ya kumpoteza mnunuzi. Yule mwenye hasira hukataa mambo ambayo yangemgharimu kidogo, na yule mwenye hofu hukubali mambo ambayo hajui yatamgharimu kiasi gani.

Barua ya namna hiyo ni hatua ya kawaida katika mauziano, na muuzaji ana njia nne za kuijibu: kutengeneza mwenyewe kabla ya kukabidhi, kupunguza bei, kumwachia mnunuzi kiasi fulani cha fedha siku ya kukamilisha mauziano, au kukataa. Kila njia ina mahali pake, na nyumba moja inaweza kuhitaji zaidi ya njia moja.

Kabla ya kuchagua, ichambue orodha

Mkaguzi analipwa kuandika kila anachokiona. Kwa hiyo kitasa kilicholegea na waya ulioungua ndani ya soketi vinaweza kuonekana katika ukurasa mmoja, kwa herufi za ukubwa uleule, kana kwamba vina uzito sawa. Muuzaji anayejibu orodha nzima kwa neno moja, liwe ndiyo au hapana, anajiumiza. Ni afadhali kila jambo liwekwe katika fungu lake: yanayohusu usalama wa watu, kama umeme, gesi na ngazi zisizo na kingo, yanayohusu mwili wa nyumba, kama msingi, paa, kuta na mbao zilizoliwa na mchwa, yanayohusu mifumo, kama mabomba, maji taka na hita ya maji, na yanayohusu mwonekano tu.

Nyufa ni mfano mzuri wa jinsi maneno ya ripoti yanavyoweza kupotosha. Ufa mwembamba kama unywele, uliotokea pale plasta ilipokauka na kusinyaa, unazibwa na kupakwa rangi katika muda wa siku moja. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kwenda mshazari, au unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali, ukiwa mpana juu kuliko chini na umepita milimita 5, ni jambo jingine kabisa: huenda msingi umetitia upande mmoja, na anayepaswa kuutazama ni mhandisi. Ripoti inaweza kuita zote mbili “ufa ukutani”. Jibu linalofaa kwa ufa wa kwanza halifai kabisa kwa ufa wa pili, na ndiyo maana muuzaji anapaswa kwenda kuvitazama kwa macho yake vitu vyote vilivyotajwa, ripoti ikiwa mkononi, kabla ya kuandika chochote.

Vigezo vya kulinganishia

Njia zote nne zinapimwa hapa kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni fedha: zinatoka mfukoni mwa nani, lini, na je, zinamfikia mnunuzi zikiwa kamili? Cha pili ni muda, kwa sababu mauziano yaliyochelewa huvunjika kwa urahisi. Cha tatu ni hatari ya kilichofichika. Cha nne ni msimamo wa benki ya mnunuzi, ikiwa ananunua kwa mkopo. Cha tano ni dhima, yaani muuzaji anabaki na wajibu gani baada ya funguo kukabidhiwa.

Kigezo cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi, nami nakiona kizito kuliko vingine. Paa linapovuja, maji hayadondoki lazima chini ya tundu; hutambaa juu ya boriti mpaka yapate mahali pa kudondokea, na doa linaloonekana darini linaweza kuwa mbali sana na kigae kilichopasuka. Fundi anayekadiria gharama kwa kutazama doa hilo anakisia tu. Akifungua dari akakuta boriti mbili zimeoza, kadirio lake la kwanza halina maana tena. Kati ya muuzaji na mnunuzi, nani atalipa tofauti hiyo? Kila moja ya njia nne inalijibu swali hilo kwa namna yake, hata kama waliokubaliana hawakulifikiria.

Kutengeneza mwenyewe kabla ya kukabidhi

*Fedha.* Muuzaji analipa kabla hajapokea bei ya nyumba, jambo ambalo ni zito kwa anayeuza kwa sababu ya uhaba wa fedha. Kwa upande mwingine, yeye ndiye anayechagua fundi, anaweza kuomba makadirio kutoka kwa mafundi wawili watatu, na analipa gharama halisi badala ya kiasi ambacho mnunuzi amekitaja akiwa amejiwekea akiba ya wasiwasi.

*Muda.* Hapa ndipo njia hii inapokuwa dhaifu kuliko zote. Fundi mzuri ana kazi nyingine, vifaa vinaweza kuchelewa, kazi nyingine zinahitaji kibali, na baada ya yote mkaguzi lazima arudi kuthibitisha. Ikiwa masharti ya mkopo wa mnunuzi yana tarehe ya mwisho, wiki mbili za kumsubiri fundi zinaweza kuvuruga mauziano yaliyokuwa yanakwenda vizuri.

*Hatari ya kilichofichika.* Yote iko kwa muuzaji. Akishaandika kwamba atatengeneza paa, amejifunga kulitengeneza hata likigharimu mara tatu ya alivyotarajia. Kinga yake iko katika maneno ya makubaliano. Ahadi ya “kutengeneza paa” haina mwisho. Ahadi ya “kubadilisha vigae vilivyopasuka upande wa nyuma na kuziba upya kiungo cha paa na ukuta, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni na risiti ikabidhiwe kwa mnunuzi” ina mwanzo na mwisho, na inaweza kukaguliwa. Afadhali zaidi ikiongezwa kwamba kazi ikizidi kiasi fulani kilichotajwa, pande mbili zitakaa upya kabla fundi hajaendelea.

*Benki.* Hii ndiyo njia inayoiridhisha benki kuliko nyingine. Mthamini wa benki akiandika kwamba nyumba haina usalama wa kukaliwa, benki inaweza kukataa kutoa mkopo mpaka kasoro irekebishwe, na hapo hakuna punguzo la bei litakalosaidia.

*Dhima.* Mnunuzi anafahamu kwamba anayekaribia kuondoka hana sababu kubwa ya kutaka kazi idumu, na shaka hiyo ina haki yake. Muuzaji anayejitengenezea mwenyewe kwa mikono yake, au kwa fundi asiye na risiti, anajifungulia ugomvi utakaomfuata baada ya kuhama. Kazi yenye risiti, picha za kabla na baada, na dhamana ya fundi inayoweza kuhamishiwa jina la mnunuzi humtoa katika ugomvi huo kwa kiasi kikubwa.

*Inamfaa* muuzaji mwenye muda na fedha mkononi, anayeshughulikia kasoro iliyo wazi, yenye mipaka, hasa ya usalama: soketi zisizo na waya wa ardhi, bomba linalovuja mahali panapoonekana, kingo za roshani zilizolegea. Haifai kwa mambo ya hiari ya mtu, kama rangi, sakafu au makabati, kwa sababu atakayeishi humo ndiye anayepaswa kuchagua.

Kupunguza bei

*Fedha.* Muuzaji hatoi chochote mfukoni. Anapokea pungufu tu. Ada ya dalali na kodi zinazohesabiwa kwa asilimia ya bei hupungua kidogo pia. Lakini kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Tuseme bei imepunguzwa kwa 100, katika fedha yoyote ile, na mnunuzi anakopa asilimia 80 ya bei. Punguzo hilo linagawanyika: 80 zinapungua kwenye mkopo wake, na 20 tu ndizo zinazobaki mkononi mwake siku ya kununua. Fundi wa paa atataka 100 zake mwezi wa kwanza. Mnunuzi amepata nafuu ya kweli, lakini imetawanyika katika marejesho ya miaka mingi, na mvua haisubiri. Mnunuzi anayelipa fedha taslimu, kinyume chake, anabaki na 100 zote. Kwa hiyo punguzo lile lile linaweza kumtosheleza mnunuzi mmoja na kumwacha mwingine amekwama, na muuzaji anayeelewa hili ataanza kwa kuuliza mnunuzi analipaje.

*Muda.* Ni njia ya haraka. Mkataba unarekebishwa kwa nyongeza ya maandishi, pande mbili zinasaini, na kazi ya kutengeneza inabaki kuwa ya baadaye. Benki inaweza kuhitaji kuandaa upya nyaraka zake kwa bei mpya, jambo ambalo kwa kawaida si kikwazo kikubwa.

*Hatari ya kilichofichika.* Inahamia kwa mnunuzi, mradi nyongeza ya mkataba iseme hivyo waziwazi: kwamba bei imepunguzwa kwa ajili ya kasoro zilizotajwa katika ripoti ya tarehe fulani, na kwamba mnunuzi hatadai tena juu ya kasoro hizo. Bila sentensi hiyo, muuzaji anaweza kupunguza bei leo na kuulizwa tena kuhusu paa lile lile kabla ya kukabidhi. Mnunuzi makini naye ataomba kiasi kinachozidi kidogo kadirio la fundi, kwa kuwa yeye ndiye anayebeba boriti zilizooza ambazo hakuna aliyeziona. Ombi hilo lisichukuliwe kuwa ni ulafi.

*Benki.* Haina kinyongo na bei ndogo. Ila punguzo haliondoi kasoro ya usalama ambayo mthamini ameiandika.

*Dhima.* Ni ndogo, kwa sababu mnunuzi ameijua kasoro, ameipima, na amelipwa kwa ajili yake.

*Inamfaa* muuzaji asiye na fedha za kutanguliza au aliyekwisha kuhama mbali, anayeuza kwa mnunuzi wa fedha taslimu au mwenye akiba yake ya matengenezo. Inafaa pia kwa kazi kubwa ambazo mnunuzi angependa kuzifanya kwa mtindo wake, kama kubadilisha paa lote au kujenga upya jiko.

Kumwachia mnunuzi fedha siku ya kukamilisha

Hapa bei ya mkataba inabaki ilivyo, lakini siku ya kukamilisha mauziano sehemu ya fedha za muuzaji inatumika kumpunguzia mnunuzi malipo anayopaswa kutoa siku hiyo. Kuna sura ya pili ya njia hii: fedha zinashikiliwa na wakili au mtu mwingine wa kati katika akaunti ya amana, na zinatolewa kazi ikishafanyika.

*Fedha.* Kwa muuzaji, 100 zilizoachwa na 100 zilizopunguzwa kwenye bei zinakaribiana sana, isipokuwa ada na kodi za asilimia zinaendelea kuhesabiwa juu ya bei kamili. Kwa mnunuzi anayekopa, tofauti ni kubwa, kwa kuwa karibu zote zinabaki mkononi mwake. Hii inampa muuzaji nafasi ya mazungumzo ambayo wengi hawaitumii: mnunuzi wa mkopo anaweza kuridhika zaidi na 70 za kuachiwa kuliko 100 za punguzo, na wote wawili wakaondoka wamefaidika.

*Muda.* Ni haraka kama kupunguza bei. Amana ina mkia mrefu zaidi, kwa sababu muuzaji hatajua hesabu yake ya mwisho mpaka kazi imalizike.

*Hatari ya kilichofichika.* Katika sura ya kwanza iko kwa mnunuzi. Katika amana inategemea maandishi, na hapa ndipo watu huumia: makubaliano lazima yataje kiwango cha juu cha fedha, tarehe ya mwisho ya kazi, nani anathibitisha kwamba imekamilika, na salio linarudi kwa nani. Amana isiyo na tarehe ya mwisho inaweza kufunga fedha za muuzaji kwa muda usiojulikana.

*Benki.* Hapa ndipo pagumu. Benki nyingi huweka kikomo cha kiasi ambacho muuzaji anaweza kumwachia mnunuzi, na nyingine huruhusu kiasi hicho kitumike kwa gharama za kukamilisha mauziano tu, si zaidi. Nchini Marekani, kwa mfano, kwa mikopo ya nyumba ya kuishi inayofuata taratibu za Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, mchango wa muuzaji una kikomo cha asilimia 3 pale mnunuzi anapotanguliza chini ya asilimia 10 ya bei. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana, mnunuzi aiulize benki yake na alete jibu kwa maandishi. Makubaliano ya pembeni ambayo benki haiyajui, yale ya kupeana bahasha baada ya kusaini, ni udanganyifu dhidi ya mkopeshaji, na muuzaji anayeshiriki anajiingiza katika kosa ambalo halikuwa lake.

*Dhima.* Ni ndogo katika sura ya kwanza, na katika amana inaisha fedha zikishatolewa.

*Inamfaa* muuzaji mwenye haraka anayeshughulika na mnunuzi aliyemaliza akiba yake katika malipo ya kutanguliza. Amana inafaa zaidi pale kazi haiwezi kufanyika kwa sasa, kwa mfano wakati wa mvua au baridi kali, ingawa wote wanakubali kwamba lazima ifanyike.

Kukataa

*Fedha.* Muuzaji anabaki na bei yake yote, kama mnunuzi atabaki.

*Muda.* Ni haraka kuliko zote mnunuzi akikubali, na ni ndefu kuliko zote akiondoka, kwa sababu nyumba inarudi sokoni na wanunuzi wapya wataanza kwa kuuliza kwa nini wa kwanza aliondoka.

*Hatari ya kilichofichika.* Mnunuzi akiendelea, anaibeba yeye. Akiondoka, inabaki kwa muuzaji, pamoja na kitu kipya ambacho hakuwa nacho mwezi uliopita, yaani habari. Muuzaji aliyeisoma ripoti hawezi tena kusema hakujua. Katika nchi nyingi ana wajibu wa kumweleza mnunuzi anayefuata kasoro kubwa anazozifahamu, na hata pale ambapo kanuni ya zamani ya mnunuzi kujihadhari bado ina nguvu, hailindi uongo wala kasoro iliyofichwa kwa makusudi. Nchini Ufaransa, mnunuzi ana miaka 2 tangu kuigundua kasoro iliyofichika kumdai muuzaji. Kifungu cha “kuuza kama ilivyo” kina thamani yake, lakini kupaka rangi juu ya doa la darini baada ya kusoma ripoti kunaweza kukifuta kifungu hicho mahakamani.

*Benki.* Kukataa hakuigusi benki isipokuwa pale mthamini alipokwisha kutoa sharti. Hapo kukataa ni sawa na kuvunja mauziano kwa mnunuzi yeyote wa mkopo.

*Dhima.* Inategemea ukweli wa yale muuzaji aliyoyaeleza tangu mwanzo.

*Inamfaa* muuzaji aliyekwisha kuweka bei ya chini kwa sababu ya hali ya nyumba na akaisema hali hiyo waziwazi, au mwenye wanunuzi wengine wanaosubiri. Katika hali hizo kukataa ni haki yake, na si ukorofi, hasa akieleza sababu: “Umri wa hita ya maji ulitajwa kabla ya bei kukubaliwa, na bei iliwekwa kwa kuuzingatia.” Sentensi moja ya heshima kama hiyo huwabakiza wanunuzi wengi ambao neno “hapana” tupu lingewafukuza. Ikumbukwe pia kwamba kabla ya kukataa ni lazima kusoma mkataba, kwa kuwa upo unaompa mnunuzi haki ya kujitoa na kurudishiwa malipo yake ya awali ndani ya siku kadhaa za ukaguzi, na upo usiompa. Katika Uingereza na Wales, kwa kawaida hakuna upande unaofungwa mpaka pande mbili zibadilishane rasmi mikataba iliyosainiwa, hivyo mnunuzi aliyekataliwa anaweza kuondoka bila hasara kubwa.

Kwa hali gani, njia ipi

Ikiwa ripoti ina kasoro moja au mbili za usalama na mnunuzi anakopa, anza na kuzitengeneza hizo kwa fundi mwenye leseni, kisha mengine yaliyobaki yajibiwe kwa fedha au kwa kukataa. Mchanganyiko wa namna hii ndio ninaouona ukifaa katika nyumba nyingi: umeme unatengenezwa, paa la zamani linaachiwa kiasi kilichokubaliwa, na rangi iliyochubuka inaachwa ilivyo.

Ikiwa mnunuzi ana fedha taslimu na kasoro ni kubwa lakini zinajulikana vizuri, punguzo la bei linawaondolea wote wawili usumbufu wa mafundi. Ikiwa mnunuzi huyo huyo angekuwa wa mkopo na mfuko mtupu, mpe kipaumbele kiasi cha kuachiwa, baada ya benki yake kuridhia.

Ikiwa muuzaji naye ananunua nyumba nyingine kwa fedha za hii, na tarehe mbili zimefungamana, kila kinachoongeza siku ni cha kuogopwa. Hapo kupunguza bei au kuacha fedha kunaweza kuwa nafuu kuliko matengenezo ya gharama ndogo yanayochelewa.

Ikiwa nyumba ni ya urithi na warithi ni wengi, kutengeneza huleta mzozo wa nani atangulize fedha na nani amchague fundi. Punguzo hugawanyika lenyewe kwa hisa za kila mmoja, na kwa sababu hiyo hukubalika kwa urahisi zaidi. Warithi ambao hawakuishi katika nyumba hiyo waseme hivyo kwa maandishi, maana wanachokijua kuhusu nyumba ni kidogo.

Ikiwa kasoro ni ile isiyojulikana ukubwa wake, kama ufa mpana wa mshazari, unyevu unaorudi kila baada ya kupaka rangi, au njia za udongo za mchwa zinazopanda msingi, muuzaji asichague njia yoyote kati ya hizi nne kwanza. Aombe siku za ziada kwa maandishi, amwite mtaalamu wa jambo hilo mahsusi, na gharama ya uchunguzi igawanywe nusu kwa nusu ikiwezekana. Mtaalamu akishasema tatizo ni lipi na linaishia wapi, kadirio la fundi litakuwa na mipaka, na hapo ndipo pande mbili zirudi mezani kuchagua.